Kusoma Nyumba: Mwanafunzi wa Kiswahili katika Makumbusho ya Lamu

Nilipokuwa katika mwaka wa pili wa masomo yangu ya chuo kikuu, tulisomeshwa Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir unaoutazama mji wa Pate baada ya fahari yake kuporomoka. Nilitakiwa kuandika insha kuhusu taswira za uharibifu. Nilipolifikia neno madaka nilifungua kamusi, nikaona kwamba daka ni ukumbi mdogo wa mlangoni, nami nikaandika kwa yakini kubwa kuwa mshairi anasikitikia kumbi za mbele zilizogeuzwa viota na ndege. Nyumba kati nikaifasiri kuwa ni sehemu ya katikati ya nyumba. Misana nikairuka kimyakimya. Insha ilinirudia na alama nzuri, wala hapakuwa na alama ya wino mwekundu popote katika aya hizo.

Miaka kadhaa baadaye nilisimama katika nyumba ya mawe iliyohifadhiwa mjini Lamu kama makumbusho ya nyumba ya Kiswahili. Mbele yangu palikuwa na ukuta uliochongwa vishubaka vingi vya chokaa, safu juu ya safu, na mwelekezi akaniambia, "Hizi ndizo zidaka. Hapa ndipo zilipowekwa sahani." Nikaikumbuka insha yangu, nikaona haya. Mshairi alikuwa amezitaja sahani waziwazi karibu na hayo madaka yake, nami sikuwa nimejiuliza sahani zingefanya nini mlangoni.

Makala haya yananuia kuonyesha kwamba ziara ya makumbusho na maeneo ya turathi ni sehemu ya masomo ya lugha na fasihi, wala si mapumziko baada ya masomo hayo. Nimeichagua Lamu kwa kuwa pale matini na jengo vinakaa karibu mno. Aidha, nina jambo linalonikera, nalo nitalieleza baadaye: kuta za Lamu zina sheria ya kuzilinda, ilhali maneno yanayozitaja kuta hizo hayana mlinzi.

Kutoka dakani hadi nyumba ya kati

Nyumba za mawe za Lamu, ambazo nyingi zilizo maarufu zilijengwa katika karne ya 18, hazikupangwa kwa ajili ya kutazamwa kutoka nje. Ukipita kwenye ndia zake nyembamba (nalitumia neno la Kiamu makusudi) utaona kuta ndefu zisizo na madirisha mengi, na mlango wa nakshi. Mlango wenyewe una msamiati wake: miimo, kizingiti, na mfaa unaosimama katikati ya mbao mbili. Ni vyema kukumbuka hapa kuwa Muhammad Kijuma, ambaye alinakili miswada mingi ya tendi ambayo wataalamu wa Ulaya waliitegemea katika mwanzo wa karne ya 20, alikuwa pia fundi wa kuchonga milango. Mkono ulioandika herufi ndio ulionakshi mbao. Sisi tumezitenga fani hizi katika idara mbili zisizosalimiana.

Mbele ya mlango pana daka, yaani ukumbi wenye viti vya mawe pande mbili, ambamo mwenye nyumba alikutana na watu asiotaka waingie ndani. Ukipita mlango unafika tekani, kijia kilichopindwa ili mpita njia asione yaliyomo, kisha unatokea kwenye kiwanda. Wanafunzi wengi hucheka wasikiapo neno hili. Katika Kiswahili cha magazeti yetu, kiwanda ni mahali penye mitambo, moshi na wafanyakazi wanaogoma. Katika nyumba ya Lamu, kiwanda ni ua ulio wazi juu, nao ndio unaoipatia nyumba nzima mwanga na hewa. Anayesoma semantiki na anatafuta mfano wa mabadiliko ya maana hana haja ya kwenda mbali.

Kutoka kiwandani unaingia msana wa tini, kisha msana wa yuu, kisha ndani. Nilipoyasikia majina haya mara ya kwanza nilidhani kuwa msana wa tini umo katika ghorofa ya chini na ule wa yuu umo katika ghorofa ya juu. Sivyo. Misana yote miwili imo katika ghorofa moja, mmoja nyuma ya mwingine. Tofauti ni kwamba sakafu hupanda kidato kila unapozidi kwenda ndani. Kwa hiyo kwenda ndani ni kupanda, na kadiri unavyopanda ndivyo unavyozidi kuingia katika faragha ya wenyeji. Hapana kamusi niijuayo inayomfunulia msomaji jambo hili. Miguu ndiyo iliyonifunulia.

Vyumba hivi ni virefu na vyembamba kwa sababu ya boriti. Dari ya mawe na chokaa ilibebwa na boriti za mikoko, na mkoko haukubali kubeba uzito huo ukivuka upana wa takriban mita 3. Fundi aliweza kurefusha chumba apendavyo, lakini hakuweza kukipanua. Msana ni chumba kilichoamuliwa na mti.

Baada ya msana wa yuu ni ndani. Tazama sarufi yake. Ndani tunayoijua darasani ni kielezi cha mahali. Hapa ni nomino, jina la chumba cha mke na mume, na mtu anaweza kusema ndani ya nyumba hii ina zidaka nzuri. Nyuma ya ndani kuna nyumba ya kati. Huko ndiko mwanamke alikojifungulia, na huko ndiko maiti alikooshwa kabla ya kutolewa. Kilikuwa chumba cha kuingia na kutoka duniani, nacho kimefichwa kuliko vyote. Baadhi ya wataalamu wamezihusisha zidaka za ukuta wa ndani na jambo hili, wakisema kuwa ukuta ule uliopambwa ulikuwa pia kinga baina ya chumba cha uzazi na mauti na sehemu nyingine za nyumba.

Sasa rudi kwenye Al-Inkishafi. Mshairi anapotuambia kuwa mende wanavuma katika nyumba kati, hasemi tu kwamba nyumba zimejaa wadudu. Naona anatupeleka hadi chumba ambacho mgeni hakukikanyaga kamwe, chumba cha mama na cha maiti, ili tuone kwamba hata huko hakuna tena mwenye kuzuia mtu asiingie. Na wadudu wanaolia katika kumbi za misana wanalia mahali ambapo familia ilikaa jioni. Sahani zilipotoka katika madaka, ndege wakachukua nafasi yao. Huu ni uharibifu wenye ramani, na msomaji wa Pate au Lamu wa wakati ule aliijua ramani hiyo bila ya kuelezwa. Sisi tunaoishi katika nyumba za vyumba viwili vya kupangisha tunahitaji kuelezwa, na aghalabu hatuelezwi.

Vivyo hivyo kwa Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858. Mwana Kupona binti Mshamu anamuusia bintiye usafi wa nyumba na vyoo, mafusho ya udi na mapambo ya asumini. Mwanafunzi wa leo akisoma juu ya kuosha vyoo hufikiria kazi ya adhabu shuleni. Katika nyumba ya mawe, choo ni chumba cha kuogea na kujisitiri, chenye birika la maji lililojengwa kwa chokaa, na wenyeji walifuga visamaki katika birika ili wale viluwiluwi vya mbu. Chumba hicho kilikuwa na fahari yake. Wasia wa mama unapata uzito mwingine ukilisimamia lile birika.

Sauti zilizobaki ukutani

Wanaisimu nao wasibaki dakani. Majina ya vyumba niliyoyataja ni somo zima la lahaja. Tini na yuu ni chini na juu za Kiswahili sanifu, nazo zinafuata kanuni inayoonekana katika mtele na mchele, kuteka na kucheka, kwa upande wa sauti t. Na kwa upande wa sauti y au kutoweka kwa j, tuna yana na jana, mai na maji. Zidaka nayo ina zi- pale ambapo sanifu ingekuwa na vi-, kama ilivyo katika zitu na ziti.

Mwanafunzi mdadisi atauliza: ikiwa ch ya sanifu ni t katika Kiamu, mbona chumba cha kuogea kinaitwa choo wala hakiitwi too? Swali hili ni zuri kuliko maswali mengi ya mitihani. Ch ya chini ilitokana na sauti ya kale ambayo katika Kiamu imekuwa t. Ch ya choo ilitokana na kiambishi ki- kilichokutana na irabu. Haikutokana na sauti hiyo ya kale. Kwa hiyo vyumba viwili vya nyumba moja vinatuonyesha kuwa ch ya Kiswahili sanifu ina asili mbili. Nimewahi kutumia kipindi kizima kulieleza jambo hilo ubaoni, na sidhani kuwa nilieleweka. Mbele ya milango ya vyumba vyenyewe lilieleweka kwa dakika chache.

Ifahamike kwamba mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na mwaka 1930 kamati ya lugha ya maeneo ya Afrika Mashariki ikaanza kazi. Sitaki kuufufua ugomvi huo katika kurasa hizi. Umeshajaza majarida ya kutosha. Ninachosema ni kuwa kila kibao kinachoandikwa katika makumbusho kinafanya uamuzi wa usanifishaji upya. Ukiandika "vidaka" badala ya zidaka, umesahihisha sarufi na umefuta ushahidi. Ukiandika maelezo kwa Kiingereza peke yake, umefuta vyote viwili.

Nyumba hii ilikuwa ya nani?

Katika hatua hii nataka kuwatahadharisha wenzangu, kwa kuwa makumbusho pia ni matini yenye msimulizi, na kila msimulizi huchagua. Nyumba ya mawe ilikuwa nyumba ya waungwana. Idadi kubwa ya watu wa mji iliishi katika nyumba za udongo na makuti, ambazo hazidumu miaka 200 hata zihifadhiwe. Mawe yalichongwa, chokaa ikachomwa na maji yakatekwa kwa mikono ya watu ambao wengi wao walikuwa watumwa. Na katika pwani ya Kenya, utumwa haukufutwa kisheria hadi mwaka 1907. Unaposimama katika daka na kusifia ustaarabu wake, jiulize ni nani aliyepita pale akiwa na mtungi kichwani na asiwe na ruhusa ya kuketi.

Swali hilo lina faida ya kiisimu vilevile. Msamiati wa ndani, sabule na zidaka umeandikwa na watafiti, kuanzia Usam Ghaidan aliyechapisha uchunguzi wake wa mji wa Lamu mwaka 1975. Msamiati wa jikoni na wa fundi chokaa umeandikwa kwa uhaba. Mwana Kupona mwenyewe anatuonyesha nyumba kwa macho ya bibi wa nyumba. Macho ya mjakazi hayakuachiwa karatasi.

Kwa kuwa nimeitaja sabule: hiki ni chumba cha mgeni, aghalabu ghorofani, chenye ngazi yake karibu na mlango wa mbele ili mgeni alale na kuondoka bila ya kukanyaga misana. Ndilo neno letu sebule. Tumemtoa mgeni ghorofani tukamweka mbele ya televisheni, na jina tukalibakiza.

Ngome, siwa na posta

Maeneo mengine nitayapitia kwa haraka zaidi, si kwa kuwa hayana thamani, bali kwa kuwa mwanafunzi wa lugha anahitaji muda mrefu katika nyumba kuliko kwingineko.

Makumbusho ya Lamu yenyewe yamo katika jengo la ufukweni la mwishoni mwa karne ya 19, lililokuwa makazi ya wakuu wa serikali ya kikoloni kabla ya kugeuzwa makumbusho katika miaka ya mwanzo ya 1970. Fahari ya makusanyo yake ni siwa, yaani baragumu kubwa zinazopulizwa kwa upande: ile ya Pate iliyotengenezwa kwa pembe za ndovu, na ile ya Lamu ya shaba. Siwa haikupulizwa kwa kila mtu. Ilikuwa ya hafla za watu wa daraja, arusi zao na tohara za watoto wao, na kuinyima familia siwa kulikuwa ni kuitangaza hadhi yake mbele ya mji. Wanaofundisha fasihi simulizi na kuiita siwa "ala ya muziki" wanasema kweli isiyotosha.

Ngome ya Lamu ilianza kujengwa mnamo 1813, baada ya vita vya Shela ambapo watu wa Lamu waliwashinda Wamazrui wa Mombasa na washirika wao wa Pate, na ikakamilika mnamo 1821 kwa msaada wa Seyyid Said wa Oman. Mshairi Zahidi Mngumi alikuwa miongoni mwa viongozi wa Lamu wa enzi hiyo. Upande wa Mombasa alikuwako Muyaka bin Haji. Kwa hivyo mashairi ya kujibizana tunayoyasoma kama sampuli za bahari na vina yalikuwa sehemu ya vita vilivyoacha jengo. Kuanzia 1910 hadi 1984 ngome hiyo ilikuwa gereza. Neno gereza lenyewe wengi hulihusisha na neno la Kireno la kanisa. Ngome ya Mombasa nayo ilifanywa gereza kuanzia 1895 hadi 1958, kabla ya kufunguliwa kama makumbusho mwaka 1960. Safari ya neno hilo kutoka madhabahuni hadi korokoroni namwachia mtu wa etimolojia.

Posta ya Wajerumani, iliyofanya kazi kuanzia 1888 hadi 1891, ni chumba kidogo, na nusu saa inatosha.

Kuta zina sheria

Mji Mkongwe wa Lamu uliorodheshwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2001. Kenya ina Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006. Mwenye nyumba katika eneo lililohifadhiwa hawezi kuubomoa ukuta wake apendavyo. Kuhusu turathi zisizoshikika, upo mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2007, na Katiba ya 2010 inalipa taifa jukumu la kukuza lugha za watu wake. Haya ni mambo mema. Lakini hakuna afisa anayepita nyumba hadi nyumba kuuliza iwapo mjukuu wa mwenye nyumba bado anaujua msana.

Chukua mfano wa mikoko. Wakataji wa Lamu hawaiiti miti yote kwa jina moja. Huipanga kwa unene, kuanzia fito, pau na mazio, kisha boriti, hadi nguzo. Huu ni mfumo kamili wa uainishaji, ambao nimewaona wanafunzi wa leksikografia wakiushangaa. Mwaka 2018, serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, wakataji wa mikoko nao waliathirika. Sina hoja dhidi ya kuihifadhi misitu. Nasema tu kwamba kazi ikisimama, maneno yake husimama nayo, na paa la saruji na vyuma halihitaji mazio wala pau. Neno la aina hii haliangui kishindo linapoanguka. Linakosa tu wa kuliuliza.

Namna ya kwenda

Nimeandamana na wanafunzi katika ziara ambayo siionei fahari. Tuliingia katika nyumba tukiwa arobaini, tukamsikiliza mwelekezi kwa robo saa, tukapiga picha mbele ya zidaka, tukatoka kutafuta chakula. Ripoti zilizoandikwa baadaye zilifanana kama kwamba zimetoka katika kijitabu kimoja, na kweli zilitoka huko. Kosa lilikuwa langu, kwani sikuwa nimewapa kazi ya kufanya.

Napendekeza chama chetu kifanye hivi katika ziara ijayo. Kundi lisizidi watu 8 kwa mara moja, kwa sababu msana haukujengwa kwa mikutano. Kila mwanafunzi aende akiwa amesoma sehemu ya magofu katika Al-Inkishafi na ameorodhesha maneno asiyoyajua. Akiwa ndani ya nyumba, asiulize "hii inaitwaje?" peke yake; aulize pia nani alikuwa akikitumia chumba, wakati gani, na nani hakuruhusiwa. Baada ya nyumba, aende kwa fundi, kwa mchongaji, kwa mama anayesuka mikeka. Na aombe ruhusa kabla ya kurekodi, kwa maana dakani kwa mtu si maktabani. Watu wazima wa Lamu huamkiwa kwanza, tena kwa utulivu. Maswali yatafuata baada ya kuulizana hali, na pengine baada ya kahawa.

Kila neno liandikwe kwenye kadi moja. Miswada mingi iliyonakiliwa Lamu imo London na Hamburg, na wengi wetu hatutaifikia. Kadi hizi zitakuwa hapa. Ya kwanza nimeshaijaza, nayo nimeiacha ofisini kwa katibu:

Kidaka (wingi: zidaka, sanifu: vidaka). Kishubaka cha chokaa katika ukuta wa nyumba ya mawe, hasa ukuta wa ndani; huwekwa sahani na vitu vya thamani. Linganisha: daka, madaka. Tanbihi: lisichanganywe na kidaka cha mnazi, yaani nazi changa. Lahaja: Kiamu. Pahali: Lamu, nyumba ya makumbusho. Kosa la awali la mwandishi wa kadi: "ukumbi wa nje".